Kemilembe wa Nshambya na Kiini cha Kibanja

Watu wa Nshambya wanajua kwamba ukimkaribisha Kemilembe chai, kikombe unakiosha mbele ya macho yake. La sivyo atakishika tu mpaka kipoe, akushukuru, akurudishie kimejaa vile vile. Wengine husema ni maringo ya waliosoma. Waliomlea wanajua ni kinyaa, na amezaliwa nacho. Alipokuwa mdogo, msimu wa senene ukifika, dada zake walikuwa wameshakula na kulamba vidole wakati yeye bado anachambua senene mmoja mmoja, anatafuta mguu au bawa lililosahaulika. Mama yake, Ma Georgina, alikuwa akisema, "Huyu atakufa njaa katikati ya karamu."

Hakufa njaa. Alikua, akasoma, akapelekwa chuo cha ufundi, akapata kazi ambayo jirani zake mpaka leo hawajui waiiteje. Wakiulizwa husema, "Anatengeneza kompyuta." Yeye akisikia hivyo anakunja uso. Kutengeneza kompyuta ni kupuliza vumbi na kubadilisha waya, na vijana wa mjini Bukoba wanaifanya kazi hiyo vizuri tu. Kemilembe yeye analea kiini.

Na kiini ni kitu gani? Mwenye migomba ataelewa upesi. Ukiutazama mgomba unaona majani na mkungu, lakini uhai wake uko chini, katika kile kitako kilichofukiwa ambacho hakuna mgeni anayekisifia. Kompyuta nayo ndivyo ilivyo. Juu kuna picha na vitufe vya kubonyeza. Chini kabisa kuna programu moja inayoziamuru nyingine zote, nani apewe nafasi katika kumbukumbu, nani asome diski, nani azungumze na mtandao na nani anyamaze. Kiini kikioza, vya juu vyote vinaanguka hata bila upepo.

Mfumo aliokuwa akiulea uliitwa Kibanja, kama shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Usiutafute madukani, haupo. Aliubuni marehemu Mwalimu Najibu, fundi aliyefundisha mambo ya umeme pale mjini, pamoja na huyu Kemilembe aliyekuwa mwanafunzi wake, kwa ajili ya zahanati chache za kanisa kuanzia Kagondo mpaka Muleba. Zahanati zile zilikuwa na kompyuta kuukuu za msaada, umeme wa jua unaochoka mapema, na radi ambazo mtu wa Bukoba hahitaji kuelezwa. Mifumo ya kawaida ilizilemea. Basi wale wawili walichukua kiini kikubwa kinachotumika dunia nzima, kile ambacho maandishi yake yako wazi kwa kila anayetaka kuyasoma, wakakipogoa kama shamba la kahawa lililoachwa likawa pori. Walipomaliza kukata wakatia viraka vyao wenyewe: kiraka cha kuokoa kazi umeme ukikatika ghafla, na kiraka cha kufunga kadi ya kila mgonjwa kwa ufunguo wake, ili hata mwizi akiibeba kompyuta nzima asisome neno.

Ubaya wa kazi hii ni kwamba haiishi. Kile kiini kikubwa cha dunia hakitulii. Mara kinatoka kipya, na viraka vilivyokaa vizuri kwenye cha zamani havikai tena kwenye kipya. Inabidi ufumue ushone upya. Najibu alipofariki, Kemilembe aliendelea kushona peke yake katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yake, kompyuta ikivuma kutwa nzima ikigeuza maandishi kuwa lugha ya mashine, yeye akimenya ndizi na kuitupia jicho. Alikuwa na sharti aliloliokota shambani: kila shina, mama, mtoto na mjukuu. Hakukifuta kiini cha zamani mpaka kipya kiwe kimesimama na kingine kimechipua pembeni. Kipya kikianguka, mashine inawaka kwa kile cha kwanza na muuguzi anaendelea na kazi.

Sharti lake jingine lilitoka katika kile kinyaa chake. Hakuna mstari ulioingia ndani ya kiini kabla yeye hajausoma. Wapo watu wachache wa mbali waliopenda mfumo ule mdogo, mmoja yuko Chile, mwingine Ufini, hajawahi kuwatia machoni, nao walimtumia viraka vya kusaidia. Aliwashukuru kwanza. Kisha akawarudishia nusu. "Huyu anaandika kama mtu anayetema makapi ya muwa sebuleni," alikuwa akimwambia mama yake. "Kinafanya kazi, ndiyo. Lakini nani atafagia?"

"Si ufagie wewe?" Ma Georgina alikuwa akijibu. "Hujaolewa, huna mifugo, ufagio unao."

Ukali ule ulikuwa na sababu nyingine, ambayo wa Chile na wa Ufini hawakuambiwa. Miongoni mwa kadi zile zilizofungwa kwa ufunguo, moja ilikuwa ya Ma Georgina.

Wenye umri wanaikumbuka miaka ile baada ya vita vya Amini, ugonjwa ulipoingia Kagera na watu wakauita Juliana, kwa jina la shati, kabla haujaitwa ukimwi. Nyumba zilifungwa. Migomba ikazeeka na mikungu yake bila mtu wa kuikata. Baba yake Kemilembe alipozikwa, waombolezaji walimtazama mjane kuliko walivyolitazama jeneza. Akikohoa, wanageukiana. Akikonda, wanaambizana. Walikuwa wakingoja kama watu wanaongoja ndizi ziive. Hata dawa zilipokuja, Ma Georgina hakwenda kuchukulia mjini, kwa kuwa mbele ya dirisha la dawa palikuwa na benchi, na upande wa pili wa barabara walikuwapo siku zote watu wasioumwa lolote, wamekaa wanatazama benchi. Alipanda gari akaenda Muleba. Majirani aliwaambia anamfuata rafiki yake wa zamani wa kwaya. Kule alijiandikisha kwa jina la ubatizo na lile la nyumbani kwao, Georgina Kokugonza, na hakuna aliyejua ni mama wa nani.

Akaishi. Akanenepa, akalima, akazeeka na meno yake. Aliyejua ni Kemilembe tu. Shemeji wa mama, Ta Rutaihwa, mdogo wa marehemu, alikula mezani kwake kila sikukuu bila kujua, na Ma Georgina alitaka siku moja azikwe naye bado hajui. Rutaihwa ni mtu ambaye anasali safu ya mbele, lakini ulimi wake hauna mlango. Tena ndiye mwenyekiti wa kamati ya zile zahanati.

Mwaka jana, mvua za masika zikiwa zimekatika, alikuja Isaac. Ni kijana wa kwetu aliyekulia Mwanza, amevaa viatu ambavyo havijui matope, na kampuni aliyoifanyia kazi ilikuwa imejitolea kuzipa zahanati kompyuta mpya. Ma Georgina alimtandikia mkeka, akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni anavyopokewa. Isaac akachukua punje mbili, akashukuru, akazitia mfukoni mwa shati. Kemilembe aliziona zikizama mfukoni, na tangu hapo hakumpenda.

"Dada, mashine ni mpya kabisa," Isaac alianza. "Betri inakaa kutwa, hata umeme ukikatika hazizimi. Tatizo ni moja dogo tu. Kadi ya mtandao inataka draiva ya watengenezaji wenyewe."

Draiva ni kipande cha programu kinachokifundisha kiini namna ya kuzungumza na kifaa. Kemilembe alikuwa ameshasoma nyingi kuliko idadi ya sala anazozijua.

"Niletee maandishi yake niyasome."

"Ndilo tatizo lenyewe. Hayasomeki. Inakuja imefungwa. Unaitia ndani ya kiini, basi, inafanya kazi."

"Imefungwa kwa nini?"

"Ni mali ya watu, dada. Wewe ukimeza panado unaipasua kwanza uone ndani?"

"Panado naijua inakotoka. Wewe hii umeshaimeza?"

Isaac akacheka. "Mimi? Mimi natumia ya ofisini."

"Kwetu anayeleta kibuyu huonja kwanza," Kemilembe akasema. "Pombe ya rubisi ikipelekwa kwa watu, mwenye kuileta anavuta mrija mbele yao, ndipo nao wanakunywa. Au Mwanza mmeacha?"

"Nitaonja siku ya kukabidhi," Isaac akasema, akitazama saa. "Na kuna jambo zuri sijakwambia. Mkishaipokea, kampuni itachukua ulezi wa kiini. Moja kwa moja. Watakuwa wanashona wao. Dada, utapumzika."

Alipoondoka, Ma Georgina alisema, "Kijana mzuri. Kanyoa vizuri."

"Mama, ametia kahawa mfukoni."

"Labda meno yanamuuma."

Lakini neno lile la kupumzika lilibaki nyumbani hata gari lilipokwisha kupotea. Kemilembe alikuwa amechoka. Mgongo ulikuwa umeshika umbo la kiti. Alikuwa amekosa arusi za watu na misiba ya watu kwa sababu kiini kimeanguka Kagondo au radi imepiga Muleba, na malipo yake yalikuwa kuambiwa kwamba anatengeneza kompyuta. Alitamani kulala na kuamka mtu mwingine akiwa anashona.

Basi akaipokea ile draiva iliyofungwa, akakaa nayo. Kipande chenyewe hakikusomeka, lakini mtu anaweza kuujua ulafi wa mgeni kwa vile anavyoviomba. Kiliomba vitu viwili. Kwanza, lile komeo la kiini linalokataa vipande visivyojulikana liondolewe. Pili, kipewe ruhusa ya kuitazama kumbukumbu yote ya mashine. Hapo Kemilembe akasimama, akaenda nje, akatema mate.

Maana yake ni hii. Kadi ya mgonjwa ikiwa diskini imefungwa, haina shida. Lakini muuguzi akiifungua aisome, kwa muda ule iko wazi ndani ya kumbukumbu, kama mtu anayeoga. Draiva ya mtandao, ambayo kazi yake ni kubeba barua tu, ilikuwa inaomba kusimama bafuni. Huenda isingetazama kitu. Huenda watengenezaji walikuwa wavivu tu, wakaomba nyumba nzima kwa sababu hawakutaka kuhesabu vyumba. Kemilembe hakujua, na hakuna aliyemruhusu kujua.

Hata hivyo alikijenga kiini chenye kipande kile, kwa majaribio, ili asije akahukumu bila kujua. Kiliwaka mara ya kwanza. Mtandao ukashika, barua zikaenda, hakuna kilichokwama. Viraka vyake mwenyewe havijawahi kukubali mara ya kwanza hata siku moja. Alikitazama kinavyokwenda vizuri, kama mtu aliyekula akashiba, kisha akaonyeshwa uchafu wa sufuria.

Elieza alimpigia simu kutoka Muleba. Elieza ndiye tabibu wa zahanati ya pale, mtu mwenye roho safi na maneno mengi. Walijuana kwa sauti tu na kwa matatizo ya mashine.

"Dada Kemilembe, waitu, tuhurumie. Hii ya zamani jana imetoa mende kwenye feni. Mende, dada! Wagonjwa wanakaa mpaka jua la utosi wakisubiri iwake."

"Elieza, ile draiva inataka kuona kila kitu."

"Nani ataona? Yuko wapi huyo? Dada, mtu wa mbali huko atafanya nini na malaria ya bibi wa Muleba?"

"Si malaria tu mlizonazo humo."

"Hilo kweli," akasema. "Lakini mende, dada."

Mwishowe Kemilembe alifanya alichokiona ni haki. Alijenga viini viwili, akavitia vyote katika mashine mpya. Kimoja kilikuwa na kile kipande kilichofungwa. Kingine hakikuwa nacho. Kwa hicho cha pili kila kitu kingefanya kazi isipokuwa mtandao, na taarifa za zahanati zingeendelea kubebwa kwenye flashi kwa pikipiki kama zamani. Kamati ingechagua kimojawapo siku ya makabidhiano. Naye, kama wangechagua kile cha kwanza, angeacha kazi apumzike. Kadi ya mama yake angeiomba ihamishiwe mahali pengine. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Siku hiyo ukumbi wa Muleba ulijaa. Palikuwa na wazee wa kanisa, viongozi wa ofisi mbalimbali, wauguzi waliopiga pasi sare zao, kwaya, na vibuyu vya rubisi vimepangwa kwenye kona vikinukia. Kompyuta mojawapo ilikuwa imewekwa mezani mbele, imeunganishwa na projekta iliyomulika ukuta mweupe. Ta Rutaihwa aliketi katikati, fimbo kati ya magoti. Ma Georgina alibaki Nshambya na maharage yake.

Isaac alisema vizuri. Aliisifu betri, akausifu wepesi, akamsifu hata Kemilembe, "mama aliyetulelea kiini chetu." Watu wakapiga makofi. Kemilembe akainuka kabla makofi hayajaisha.

"Ndugu Isaac, ulipokuja kwangu uliahidi kuonja."

"Kuonja nini, dada?" Watu walicheka wakitazama vibuyu.

"Mashine. Washa kile kiini chenye kipande chenu. Uandike kadi yako hapo, jina lako, vipimo vyako, na ugonjwa uliokupeleka hospitali mara ya mwisho. Iachwe humo, iende na mtandao kama za hawa watu zitakavyokwenda. Ukishaonja, nasi tutakunywa."

Kicheko kikaendelea, kwa kuwa ombi lilikuwa tamu na kila mtu alilielewa. Mzee mmoja akapaza sauti, "Onja, mwanangu! Ukianguka tutakuzika vizuri!"

Isaac naye alicheka. Akakaribia meza, akaweka vidole kwenye vitufe. Kisha akaviondoa. "Unajua, dada, taarifa zangu ziko kwa daktari wangu Mwanza," akasema. "Si vizuri kuzichanganya."

Mtu aliyekuwa akicheka peke yake nyuma akajisikia, akaacha. Muuguzi mkuu, Benigna, mama mzito wa kutosema ovyo, akamgeukia jirani yake na kumwambia kwa sauti iliyofika mbele, "Ameweka mrija chini."

Hapo ndipo Elieza alipoingilia. Na watu wamfahamu Elieza: hakuwa na ubaya hata chembe. Aliona mgeni anaaibika nyumbani kwake, na hilo kwa mtu aliyelelewa vizuri haliwezekani. Akaruka mbele, mikono juu. "Jamani, jamani! Mgeni hana haja ya kuandika kitu. Sisi tulishajiandaa! Mgeni haonyeshwi chombo kitupu. Tazameni wenyewe jinsi inavyopendeza!"

Akabonyeza.

Alikuwa ameihamishia kadi ya kweli ndani ya mashine mpya, siku kadhaa nyuma, kwa mikono yake. Kuwaonyesha wageni wakubwa kadi yenye jina la kubuni na nafasi wazi kulimtia aibu, kama kuwaletea kibuyu kisicho na kitu. Basi alichagua kadi nzuri kuliko zote za zahanati, ya mgonjwa ambaye hajawahi kukosa dawa. Ukutani, mkubwa kuliko mlango wa ukumbi, ulitokea uso wa Ma Georgina. Chini yake jina. Chini ya jina, ugonjwa, dawa, na miaka.

Kemilembe hakuutazama ukuta. Aliwatazama watu, na hicho ndicho kilichomkaa moyoni mpaka leo. Shingo zilirefuka. Wazee wa kanisa, wenye ofisi, akina mama wa kwaya waliojifunga vitenge vya Mama Bikira, wote walinyoosha shingo kama kuku waliomwagiwa mchele, na midomo ikawa inatembea kimya wakisoma. Waliosahau miwani wakawaegemea wenye miwani. Katika ukumbi ule wote aliyeinamisha macho alikuwa Benigna peke yake.

Kemilembe akaufuata waya wa umeme wa kompyuta akaung'oa ukutani. Picha ikabaki vile vile. Ile betri iliyosifiwa ilikuwa inafanya kazi yake. Akasimama mbele ya mwanga ili auzibe. Uso wa mama yake ukamwangukia kifuani, na majina ya dawa yakampita shingoni na mashavuni, watu wakaendelea kumsoma yeye.

"Huyu si..." Ta Rutaihwa aliinuka taratibu. "Huyu si shemeji?"

Kisha akaitazama mikono yake, kiganja na mgongo, akaipangusa kwenye suruali.

Elieza ndiye aliyeifunga kompyuta. Alikuwa ameanza kuelewa na uso wake ulikuwa umepauka. "Dada, haki ya Mungu sikujua. Sikujua ni mama yako. Kadi yake ndiyo bora, dada, hajawahi kukosa. Nilitaka wamwone kama mfano." Kilichokuwa kinywani mwa Kemilembe hakikufaa mbele ya kanisa.

Kamati ilikaa pale pale, kwa kunong'ona. Isaac alisema, na alisema kweli, kwamba kosa halikuwa la draiva. Mashine haikumwambia mtu chochote, binadamu ndiye aliyebonyeza. Kemilembe alijua hivyo kuliko wote. Kilichokuwa kimewaka ni kile kiini chake kisicho na kipande, nacho kilikuwa kizima. Makomeo yote yalikuwa mahali pake, viraka vimekaa, hakuna mstari mchafu ndani yake, na siri ilikuwa imetoka kupitia adabu njema ya tabibu. Miaka yote alikuwa analinda kitako, na watu wakaja wakakata mkungu.

Benigna ndiye aliyemjibu Isaac. "Ni kweli, mwanangu. Lakini wewe mwenyewe umekataa kuandika jina lako humo, na tumekuona. Mimi siwezi kuwapa wagonjwa wangu kitu ambacho aliyekileta hakukionja." Wakachagua kile kiini kisicho na kipande. Isaac akatoa kauli ya ustaarabu kwamba kwa hali hiyo kampuni haitaweza kuchukua ulezi, akaaga. Rubisi ikanywewa. Hakuna aliyemkumbusha Kemilembe kwamba sasa hatapumzika, na yeye hakungoja kibuyu kimfikie. Midomo iliyokuwa ikisoma ndiyo iliyokuwa inavuta mirija.

Basi la kurudi Bukoba lilikwenda kasi, lakini simu zilikuwa zimeshatangulia. Alimkuta mama yake uani, ungo wa maharage magotini, simu imefunikwa na kitambaa kama kifaranga.

"Umekuja," Ma Georgina alisema. "Kaa. Nimeshaambiwa."

"Nani kakwambia?"

"Uliza nani hajaniambia. Mtu niliyeimba naye kwaya Mwalimu akiwa bado rais, sijamsikia tangu watoto wake waoe, leo kapiga anauliza kama nimekula." Akapuliza makapi. "Na shemeji yangu naye kapiga. Anataka kujua sahani alizokuwa akilia hapa kwangu ni zipi."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni zote. Nikamwambia aje na nyundo."

Mama akacheka kidogo, mtoto hakuweza. Maharage yakaendelea kudondoka kwenye sufuria.

"Unajua kinachonichefua?" Ma Georgina akasema. "Nauli. Kwenda Muleba na kurudi, kwenda na kurudi, jua, mvua, kwa sababu ya hawa. Nilidhani nawaficha watu kitu cha kutisha. Kumbe walikuwa wanataka tu kitu cha kutazama." Akainua ungo. "Sasa nitachukulia hapa mjini, kwenye lile benchi. Watazame mpaka shingo ziwaume."

"Mama, nisamehe."

"Wewe? Wewe uliwasha?"

"Kiini ni changu."

"Nenda ukaoge," mama akasema. "Unanuka ukumbi."

Asubuhi yake Kemilembe aliingia chumba cha nyuma. Akakitoa kile kipande kilichofungwa katika kila mahali alipokuwa amekitia, akaosha mikono kwa sabuni ingawa mikono haikukigusa. Kisha akatafuta ile sehemu ya kiini inayopeleka picha kwenye projekta na vioo vya nje. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa imeandikwa na watu wasafi, mistari imenyooka, kila kitu kimeelezwa kazi yake; kwa miaka yote aliyoijua hakuwahi kuikuta na doa. Aliisoma mara ya mwisho mpaka chini, kisha akaikata yote. Kompyuta ikavuma hadi jioni ikijenga. Kiini kilichopatikana kilikwenda Muleba kwenye flashi, kwa pikipiki.

Majuma yakapita ndipo Elieza alipothubutu kupiga simu. Aliomba radhi tena, kwa urefu, kisha akakohoa.

"Dada, kuna jambo. Tuna semina Alhamisi. Nimechomeka projekta kwenye hizi mashine zote, hakuna inayoonyesha ukutani."

"Haitaonyesha."

"Imeharibika?"

"Nimeikata. Anayetaka kuona kadi akae mbele ya kompyuta, na aliyekaa mbele ya kompyuta awe ana kazi nayo."

"Sasa dada, wageni wakija?"

"Watazame ukuta," Kemilembe akasema, akakata simu, kwa kuwa kile kiini kikubwa cha dunia kilikuwa kimetoa kipya tena na viraka vyake havikai.